Panya wa Godoro Letu

Kila asubuhi mimi ndiye wa kwanza kufika karakana. Vijana wangu huniambia, "Mzee, lala bana, sisi tupo," lakini siwezi. Nafungua lango, nakunja mikono ya shati, natoa bonge la sponji na kulikata mwenyewe kwa kisu kirefu, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, bila rula. Mstari wangu haupindi. Mkileta hapa Ruiru fundi mwingine anayekata hivyo kwa jicho tu, nitampa funguo za karakana aende nazo.

Sponji ikishafunguka hutoa ile harufu yake, harufu ya kitu ambacho hakijalaliwa na mtu. Wateja wanaipenda. Mimi ikinifika puani, kwa muda mfupi siko tena hapa Kamakis, mtaa wetu wa Ruiru. Niko Thika, kwenye laini za shamba la kahawa, nina miaka tisa, sina viatu, na nimekasirika kwa sababu nimechapwa kwa kosa la panya.

Kabla sijaenda mbali, acha niseme mimi ni nani. Nilisoma mpaka darasa la sita. Leo nimeajiri watu waliomaliza chuo pale Juja, na wananiita bosi. Ukija Kamakis ukauliza fundi wa makochi, hata mchoma nyama atakuelekeza kwangu kwa kisu chake bila kuacha kukata. Sisemi hivi kujisifu. Au tuseme ukweli, nasema kujisifu. Nimetoka mbali, wacha nijisifu. Lakini hadithi hii si ya sifa zangu, na mtaona kwa nini.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mashambani mnazijua laini. Kwa asiyezijua, ni vyumba vya wafanyakazi vilivyojengwa kwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, bati moja refu juu yenu nyote. Jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Bomba lilikuwa moja. Kamba ya kuanikia nguo ilipita mbele ya milango yote, kwa hivyo kila mtu aliijua suruali ya kila mtu. Choo kilikuwa nyuma, na penye mlango palining'inizwa gunia. Ukiingia, mkono mmoja ni wa kulishika gunia lisipeperuke.

Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kumenyea kahawa, Mama alichuma. Watoto tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Wambui, aliyenizidi miaka mitano. Wambui alikuwa darasa la nane, na akili yake ilijulikana mpaka laini za ng'ambo. Mwalimu mkuu alishasema huyu ni wa sekondari ya bweni, hakuna mjadala. Baba akaenda Thika mjini akarudi na sanduku la bati, lile la wanafunzi, la rangi ya kijani na kufuli yake. Akalisukuma chini ya kitanda chetu likisubiri mtihani. Mwaka mzima nililala juu ya sanduku lile nikijua kwamba dada yangu ataondoka nalo, na kitanda kitabaki changu peke yangu.

Jambo moja lazima mlielewe. Wambui alipewa jina la mama yake Baba. Kwetu hilo si jina tu. Baba hakumwita Wambui hata siku moja, alimwita maitu, yaani mama yangu. "Maitu, umekula?" "Maitu, niletee maji." Na nani anamchapa mama yake? Nani anamuuliza mama yake mambo ya ndani? Kwa hivyo chochote kilichoharibika chumbani mwetu, fimbo ilinijua mimi. Mimi nilipewa jina la mjomba fulani aliyekuwa mlevi, hakuna aliyeniheshimu.

Sasa godoro. Kabla ya hapo tulilalia magunia yaliyojazwa nyasi kavu. Siku Baba alipoleta godoro la sponji, limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mkonge nyuma ya baiskeli, watoto wa laini nzima walilikimbilia kama limeletwa na serikali. Watu wazima waliingia mmoja mmoja kulibonyeza kwa kidole walione likiinuka. Mama akalishonea kava la kitambaa chenye mistari ya buluu. Usiku wa kwanza Wambui alisema, "Mimi nalala ukutani," nikakubali kwa shingo upande. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo jirani alipokuwa na jiko lake, na ukuta ulikuwa na joto. Nikajua amejichagulia pazuri, kwa sababu ni mkubwa na ni mama ya Baba.

Haukupita muda godoro likaanza kunywea. Baba aliingia siku moja akalibonyeza kwa kiganja, akaniita.

"Njoro. Hili godoro mbona linaisha kama sabuni?"

"Sijui, Baba."

"Hujui? Na ule mpira mnaocheza pale mashineni, ndani mmeweka nini?"

Hapo ndipo niliponaswa. Mnaikumbuka mipira yetu, karatasi za nailoni na nyuzi, na ukitaka uruke vizuri unaweka sponji katikati. Mpira wetu ulikuwa na sponji kweli, lakini niliitoa kwenye kiti kibovu kilichotupwa. Nani angeniamini? Nilichapwa kwa kijiti cha mti wa kahawa. Godoro likazidi kunywea, nikachapwa tena. Mara ya tatu sikulia. Nilisimama pale nimeuma meno, nikaamua kwamba nitamtafuta mwizi wa sponji nimlete mbele ya watu, na Baba ataniomba msamaha.

Mwizi nilimjua tayari. Alikuwa panya. Laini zetu zilikuwa na panya walioshiba kuliko sisi. Nilitengeneza mtego kwa waya wa breki ya baiskeli, mtego safi, hata leo nikiuona nitaununua. Nikautia ugali na kuutega chini ya kitanda, nyuma ya lile sanduku. Siku tatu, nne, ugali unakauka tu.

Wambui akauona. "Unatega nini huku?"

"Panya anayekula godoro."

"Achana naye, Njoro. Atahama mwenyewe."

"Atahama aende wapi? Mimi ndiye nachapwa!"

Akainamisha kichwa. Nilidhani anaogopa panya, kama wasichana wote, nikajiona mwanaume kabisa.

Ninapoikumbuka miezi ile naona mambo yote yalikuwa mbele yangu, na yote niliyasoma vibaya. Kulikuwa na siku Wambui hakuenda shule, alisema tumbo. Nikamwonea wivu, kwa sababu mimi nikisema tumbo naambiwa chukua daftari twende. Kulikuwa na siku alitembea polepole, magoti karibu karibu, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa maziwa. Nikadhani ndivyo watu wa darasa la nane wanavyotakiwa kutembea, nami nikaanza kujizoeza. Kisha akaanza kutokwa na jasho usiku, na chumba kikaanza kunuka. Harufu nzito, ya kitu kilichooza. Mama alifungua mlango, akapiga deki, akatafuta chini ya kitanda, hakuona kitu. Mimi nikafurahi. Nilijua yule panya amekufa, na amefia ndani ya godoro.

Nilingoja Jumamosi mchana, watu wakisharudi kutoka kupima kahawa waliyochuma, wamekaa mbele ya milango wakinywa chai. Wambui alikuwa ameenda mtoni kwa sababu bomba lilikuwa limekauka. Nikalikokota godoro mpaka nje, nikaliweka katikati ya uwanja, nikapanda juu ya debe lililopinduliwa.

"Watu wa laini! Mimi nimechapwa mara tatu bure! Leo mtamwona mwizi!"

Jirani yetu Mama Shiku, mama mnene aliyependa utani kuliko chai, akapiga kelele, "Njoro, ukimpata usimuue! Nataka kumwozesha Shiku wangu!"

Watu wakacheka. Nilipenda kicheko hicho. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono kifuani. "Haya, fundi," akasema. "Tuonyeshe."

Nikageuza godoro upande wa ukutani na kuupasua mshono wa kava. Nilishangaa kidogo, maana pale palikuwa pameshonwa upya, mishono midogo, imenyooka, kwa uzi wa buluu uliofanana na mistari ya kitambaa. Mvulana mmoja akauliza, "Ni panya gani anajua kushona?" Wengine wakacheka, lakini Mama Shiku hakucheka. Nilimwona akiweka kikombe chini.

"Njoro," akasema kwa sauti nyingine. "Hiyo kitu wacha. Rudisha ndani."

Niache wakati naelekea kushinda? Nikaingiza mkono. Sponji ilikuwa imekatwa kwa wembe, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mstari umesimama katikati ya godoro kama mpaka wa shamba. Nusu moja ipo, nusu nyingine haipo, pamejazwa matambara. Na ndani ya matambara nikashika kitu kilichofungwa kwa karatasi za daftari. Nikakitoa. Kwenye karatasi kulikuwa na hesabu za Wambui, na alama za vyema kwa wino mwekundu, moja baada ya nyingine.

"Kiota hiki hapa!" nikasema. Nikakifungua na kukiinua juu ili hata wa mwisho aone.

Vilikuwa vipande vya sponji vilivyokauka, rangi ya kutu. Na ile harufu ya chumbani ilitoka humo.

Sikuelewa nilichoshika. Naapa sikuelewa. Nilimtazama Baba nikingoja aseme nimeshinda. Baba aliangalia mkono wangu, akaangalia kahawa kule shambani, akasimama akaenda zake bila kugeuka. Mama akanipokonya. Mama Shiku alikuwa amevua leso yake ya kiunoni, akaitupa juu ya godoro lote kama mtu anayemfunika maiti. Kisha wale wavulana wakubwa wa darasa la saba na la nane, ambao walijua kuliko mimi, wakaanza. Mmoja akasema, "Kumbe panya ni Wambui!" Wakaangua kicheko, wakapigana mabega.

Ndipo nilipogeuka nikamwona. Alikuwa amefika kutoka mtoni, mtungi mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso. Alisimama akatazama godoro, akanitazama mimi nikiwa juu ya debe. Alishusha mtungi polepole, bila kumwaga hata tone moja. Hilo ndilo siwezi kulisahau, kwamba hakumwaga. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku iliyofuata hakuweza kusimama. Homa ilimshika mpaka akawa anaongea peke yake. Mama na Mama Shiku walimbeba mpaka dispensari, nami nikafuata nyuma, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Nilikaa chini ya dirisha. Nilimsikia muuguzi akiwa mkali.

"Sponji, mama? Msichana anaweka sponji ya godoro mwilini mpaka anaoza, na wewe uko nyumba moja na yeye?"

"Nilimpa vitambaa," Mama alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Vitambaa avianike wapi? Kwenye ile kamba yenu, mbele ya milango ishirini na wavulana wote?"

Mimi chini ya dirisha nilidhani wanagombania kufua nguo. Nikafikiri dada yangu anaumwa kwa sababu ya kukata godoro la Baba, na kwamba ni aibu ya wizi. Ndivyo akili ya mtoto ilivyo, inashika kilicho karibu na kukifanya sababu.

Dawa zilimsaidia, sindano nyingi. Akarudi nyumbani amekonda. Kulikuwa kumebaki wiki chache tu mtihani ufike. Asubuhi Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Maitu," akasema, "amka uende shule." Akangoja. Mtu huyo angeweza kubeba gunia la kahawa begani peke yake, lakini neno moja la kumwambia binti yake hakuwa nalo.

Wambui akaenda, siku moja. Alipoingia darasani alikuta mtu amechora panya ubaoni, panya mwenye sketi. Mwalimu alipofuta, mchoro ulibaki unaonekana kwa mbali, na kutoka siku hiyo jina lake likawa Panya. Akirudi njiani, Panya. Akiteka maji, Panya. Nilipigana na wavulana saba kwa ajili ya jina hilo. Sawa, walikuwa watatu, na wawili walinipiga mimi. Lakini huwezi kulipiga ngumi jina likarudi mdomoni. Siku ya mtihani namba yake iliitwa mara mbili, mwenzake mmoja alituambia, kisha wakafunga mlango. Sanduku la kijani likabaki chini ya kitanda.

Nilimwendea nyuma ya nyumba alikokuwa akichambua maharagwe. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuomba msamaha.

"Wambui, nikikua nitakununulia godoro. Nene. Ambalo hata ukilikata kila siku haliishi."

Aliniangalia. Nilitegemea kofi. Akacheka, pumzi tu puani. "Nunua," akasema. Akaendelea na maharagwe.

Basi. Hapo ndipo biashara yangu ilipoanzia, ingawa watu hudhani ilianzia kwenye mkopo. Niliacha shule darasa la sita nikaenda kujifunza ufundi kwa mzee mmoja wa makochi mjini Thika. Nilibeba vifaa vyangu kwenye sanduku la kijani, kwa kuwa lilikuwa halina kazi. Wambui mwenyewe ndiye aliyelitoa na kulifuta vumbi.

Nilielewa nikiwa na miaka kumi na sita. Pale karakana kulikuwa na mama aliyefagia, na kila jioni aliokota mabaki ya sponji akayatia kwenye mfuko. Nikamuuliza kwa utani, "Mama, unashona mito mingapi wewe?"

"Mito gani, we mtoto?" akaniambia bila kuinua kichwa. "Nina wasichana watatu. Pedi nitatoa wapi?"

Siku hiyo nilikata kochi la mteja vibaya, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Niliona ule mkono wangu ukiwa juu, niko kwenye debe, nasubiri kusifiwa.

Tangu hapo niliamua. Nilipofungua karakana yangu, godoro la kwanza halikuuzwa. Nilimpelekea Wambui kwake Mugutha, alikokuwa ameolewa. Alilibonyeza kwa kidole, akalitazama likiinuka. "Ni zuri," akasema. Na nilipopata nguvu nilianza na shule moja upande wa Juja, ya watoto wa mashamba, kisha ya pili, kisha nyingine. Pedi kila muhula, kwa kila msichana, bila kuorodhesha nani maskini na nani si maskini, maana orodha ni njia nyingine ya kumwita mtu Panya. Vyoo vya wasichana vyenye milango ya kweli na komeo kwa ndani. Ukuta wa kuanikia, wenye jua na usioonekana na mtu. Muuguzi anayekuja kuongea nao, na pia na wavulana, hasa wavulana. Komeo nakagua mwenyewe. Naingia, najifungia, nasukuma mlango kwa bega. Likitikisika, fundi anarudi siku hiyohiyo.

Msifikiri nilipokelewa kwa vigelegele. Mwenyekiti wa wazazi wa shule moja aliniita pembeni mwaka jana.

"Mzee, samahani. Watu wanauliza, mwanaume wa makochi anatafuta nini kwa mambo ya wasichana? Hayo si tuwaachie kina mama?"

"Kina mama waliachiwa," nikamwambia. "Nilikuwepo."

"Basi waambie wazazi. Siku ya wazazi, simama useme sababu. Bila hivyo kamati haitakubali uendelee. Wengine wameanza kukufikiria vibaya."

Mimi kuongea mbele ya watu si shida, mnanijua. Lakini sababu hiyo haikuwa yangu kuitoa. Niliwahi kuitoa mara moja bila ruhusa. Nikaendesha mpaka Mugutha nikamkuta Wambui anakamua ng'ombe wake, kitambaa kichwani, ana wajukuu sasa. Nikasimama kando ya zizi nikajikwaa na maneno kama kijana anayeposa. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuligusa.

"Wambui, ile siku ya godoro..."

Mikono yake haikuacha kukamua. "Ile uliyopanda debe."

"Hiyo. Wazazi wa shule wanataka nieleze kwa nini natoa pedi. Ukikataa, sitasema. Na wakinifungia shule, wanifungie."

Maziwa yalilia kwenye ndoo muda mrefu.

"Utaharibu," akasema mwishowe. "Utaanza na wewe ni nani, una vijana wangapi, mstari wako haupindi. Wasichana watalala." Akainuka, akanikabidhi ndoo. "Nitaenda mwenyewe. Ile sanduku yangu bado unayo?"

"Ninayo."

"Uje nayo. Ilikuwa iende shule."

Siku ya wazazi tulilijaza pedi sanduku la kijani, tukalibeba wawili, mimi mshikio huu, yeye ule, tukapita nalo langoni. Wambui alivaa koti lake la kanisani. Kamati imekaa mbele, wazazi nyuma, wasichana na wavulana wamekaa kwenye nyasi. Alikataa maikrofoni.

"Mimi naitwa Wambui," akaanza. "Nilipokuwa kama nyinyi, niliitwa Panya."

Aliwaambia yote. Gunia la chooni, kamba, wembe, sponji, daftari, ndugu yake juu ya debe, homa, mtihani. Hakulia, na hakutafuta mtu wa kumlilia. Wavulana waliacha kusukumana. Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua kila kitu alichosema, nilijua kinachofuata, mpaka alipofika mahali ambapo sikujua.

"Tulikuwa tunalala wawili, mimi na ndugu yangu mdogo," akasema. "Nikachagua upande wa ukutani, nikakata upande wangu peke yake. Ulipoisha nikajaza matambara, nikalalia mbao. Upande wa mtoto sikuugusa. Alikuwa anachapwa kwa ajili yangu, angalau alale vizuri."

Jamani. Mimi ninayekata sponji kila asubuhi. Ule mstari niliuona kwa macho yangu haya, umenyooka kutoka kichwani mpaka miguuni, umesimama katikati kabisa. Na katika miaka yote hiyo, fundi mimi, sikuwahi kujiuliza kwa nini ulisimama pale. Nilibaki na hadithi yangu ya ukuta wenye joto.

Msichana mmoja mfupi, wa mstari wa mbele, akainua mkono. "Na huyo ndugu yako mwenye debe alienda wapi?"

"Huyo?" Wambui akageuka taratibu, akaninyooshea kidole. "Si yule pale, mwenye kofia na tumbo. Anaringa sana, lakini komeo zake ni nzuri. Njoro, simama wakuone."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wasichana, wavulana, kamati, mwenyekiti mwenyewe anafuta macho. Nikasimama. Nikavua kofia, nikageuka huku na huku ili hata wa mwisho anione, nikawaacha wacheke mpaka waishiwe. Kicheko kile kilikuwa changu tangu ile Jumamosi ya debe. Dada yangu alikuwa amenibebea tu.